Emahoy, mtawa wa piano

Alikataa kula kwa siku 12. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea muziki London, kisha kibali cha kuondoka Ethiopia kikazuiwa. Alidhoofika hata akapewa komunyo kama mtu anayeaga dunia. Alipopona, aliacha fahari zote za mjini na kupanda mlima wa Gishen Mariam, huko Wollo. Akiwa na miaka 21 akavikwa utawa, na kwa takriban miaka 10 aliishi huko akitembea pekupeku, bila piano.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Baba yake, Gebru Desta, alikuwa mwanasiasa mashuhuri, ndiyo maana binti alipelekwa shule Uswisi akiwa na miaka sita, akajifunza fidla na piano. Baadaye alirudi nyumbani, kisha Waitalia wakaivamia Ethiopia. Mwaka 1937 yeye na familia yake walichukuliwa mateka na kupelekwa kisiwa cha Asinara, Italia. Vita vilipokwisha nchini mwake, alikwenda Cairo kusoma kwa mpiga fidla Alexander Kontorowicz, akifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku.

Wengi wakisikia piano ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, kama alivyojulikana baadaye, husema ni jazi. Mimi sikubali. Mkono wa kushoto unatembea kwa utaratibu wa Ulaya, lakini sauti za juu zinafuata mizani ya noti tano na nyimbo za kanisa zinazohusishwa na Mtakatifu Yared. Mapigo yake hayahesabiki kirahisi: yanasita, yanakimbia, yanavuta pumzi kama msomaji wa zaburi.

Nyimbo hizo za kanisa alizisomea mjini Gondar katika miaka ya 1960. Huko aliwaona vijana wanafunzi wa kanisa wakiomba chakula mlango kwa mlango na kulala nje. Yeye hakuwa na fedha, alikuwa na vidole. Mwaka 1967, kwa msaada wa Mfalme Haile Selassie, santuri yake ya kwanza ilitolewa Ujerumani, na mapato yakaenda kwa wahitaji. Ukisikiliza kibao chake “The Homeless Wanderer” ukijua habari hiyo, utaisikia tofauti.

Mwaka 1984 alihamia monasteri ya Waethiopia Jerusalem. Dunia ilichelewa sana kumjua: ni mwaka 2006 tu, mfululizo wa albamu za muziki wa Ethiopia uitwao Éthiopiques ulipomtengea toleo la 21, ndipo jina lake lilipoenea. Aliendelea kutunga katika chumba chake kidogo hadi uzeeni, na alifariki humo mjini tarehe 26 Machi 2023, akiwa na miaka 99. Wakfu wenye jina lake unasaidia watoto kusoma muziki.