Mnazi Mmoja na Viwanja vya Nyumbani Kwetu

Ndugu zetu wana Kibaha na Kisarawe, popote mlipo,

Kama ilivyo desturi, kabla ya kuzungumzia michango tunaanza na historia. Mwaka huu tunaueleza uwanja ambao wengi wetu tumeukatiza mara nyingi tukienda au kutoka Kariakoo: Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Wazee wetu waliufikia kwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Nyerere, na kwa Barabara ya Morogoro, wakipeleka mjini mihogo, machungwa, makuti na mkaa.

Uwanja huu uko kati ya Mtaa wa Lumumba na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Upande mmoja ni Kariakoo, upande wa pili ni Uhindini, na baada ya hapo maofisi hadi bandarini. Kukaa kwake katikati hakukutokea kwa bahati. Watawala wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa rangi za watu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Mnazi Mmoja ukaachwa bila nyumba ili uwatenge Waafrika na wengine. Kwa hiyo eneo hilo halikuachwa wazi kwa ajili ya starehe yetu. Liliachwa ili tukae mbali.

Hata jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya jasho letu. Limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Kumbukumbu yao na ya askari wenzao ni ile Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji. Mahali hapo Wajerumani waliwahi kuweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza wakaing'oa walipouteka mji mwaka 1916.

Lakini uwanja uliowekwa ili kututenga ndio uliotukutanisha. Mtaa wa Lumumba, uliokuwa ukiitwa New Street, ndipo palipokuwa na ofisi ya chama cha TAA, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kiongozi wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa Pugu, huku kwetu, kwani wakati huo Pugu ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe. Wazee husimulia jinsi alivyokuwa akitoka Pugu hadi mjini kuhudhuria mikutano, safari ya zaidi ya kilomita 20. Mwaka 1955 aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, watu walifurika Mnazi Mmoja kumsikiliza. Kama eneo hilo lingekuwa limejengwa maduka, umati ule ungesimama wapi?

Leo Mnazi Mmoja una mnara wa Mwenge wa Uhuru, pamoja na mnara wa mashujaa, ambapo viongozi wameweka mkuki na ngao katika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Umepokea swala za Idi, maulidi, mikutano ya siasa na watoto wa shule wanaokimbizana. Mji umekua kutoka watu wasiofika 130,000 katika sensa ya 1957 hadi 5,383,728 katika sensa ya 2022, na uwanja bado upo.

Mji huo sasa umetufikia. Mnaorudi nyumbani mmeona wenyewe: mashamba ya mikorosho yamekatwa viwanja, mawe ya mipaka yako kila mahali, na bei ya ardhi inapanda tangu treni ya umeme ianze kusimama Soga. Hatupingi maendeleo. Tunachouliza ni hiki: ule uwanja tuliochezea mpira, ulipopita mdundiko, walipochezwa wali wetu, unapofanyika mkutano wa kijiji na gulio, una hati? Pengi jibu ni hapana. Unalindwa na kumbukumbu za wazee tu, na wazee wanaondoka. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Ila ardhi hiyo inahitaji kutengwa kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, kupimwa na kuandikishwa. Mkutano ni juu ya wanakijiji wenyewe, na upimaji unahitaji fedha. Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni kwa ajili ya viwanja vya wazi: kulipia wapimaji, kusimika mawe ya mipaka, na kupanda miembe na minazi ya kivuli pembezoni.

Tunawaomba wote mchangie kwa kadiri ya uwezo wenu. Asiye na fedha na alete kumbukumbu: mpaka ulipita wapi, nani alitoa ardhi, mti gani ulikuwa alama. Maelezo hayo yana thamani sawa na mchango wa fedha, kwa sababu mpimaji atahitaji kuonyeshwa.