Tshibumba Kanda Matulu: Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria

Anayechora maisha ya watu bila kupitia chuo cha sanaa huitwa upesi msanii wa kienyeji, kisha husifiwa kwa rangi zake na si kwa hoja zake. Mohamed Ben Ali R'bati wa Tangier, aliyewahi kuwa mpishi wa mchoraji John Lavery, hukumbukwa hivyo: jicho pevu lililoona masoko na sherehe za Moroko. Hapa Kongo jina hilo limembana zaidi Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Yeye mwenyewe alijitambulisha kuwa mchoraji na mwanahistoria. Nashikilia kwamba tumpokee kwa jina la pili, na tumpime kwa vigezo vyake.

Tuanze na picha iliyopendwa mno Katanga miaka ya 1970, ile ya Koloni ya Ubelgiji. Yeye na wenzake waliichora mara nyingi juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, na watu wakaitundika sebuleni. Mfungwa amelazwa kifudifudi uani mwa gereza, askari mweusi ameinua fimbo, na mzungu anatazama, aghalabu kiko mdomoni. Bendera inapepea, wanawake wanalia. Wengi huona hapo malalamiko tu. Mimi naona maelezo ya jinsi utawala ule ulivyofanya kazi: anayepiga ni ndugu, anayeamuru hajichafui mikono, na adhabu inatolewa mbele ya jamaa ili woga urudi nao nyumbani. Chini ya Mobutu, aliyeitawala nchi miaka hiyo, nani angethubutu kumchora askari wa siku hizo akipiga raia? Bendera ya Ubelgiji ilimpa mwenye nyumba kinga. Mgeni alionyeshwa zamani, na akili yake ikaachwa ifike leo.

Nguvu ya Tshibumba inaonekana zaidi pale nyaraka zinaponyamaza. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji ambamo Tshibumba alikuwa akikua. Miili yao iliharibiwa kwa tindikali. Jino moja la Lumumba ndilo lililorudishwa kutoka Ubelgiji, mwaka 2022. Tshibumba aliwachora watatu hao wamelala wamekufa, na nyuma yao misalaba mitatu. Atakayesema kwamba misalaba hiyo haikuwapo atakuwa amesema kweli, lakini hajajibu hoja. Wauaji walitaka pasiwe na maiti wala kaburi, na mchoraji akarudisha vyote viwili hadharani. Vivyo hivyo alichora mauaji ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière ya Desemba 1941, yaliyotokea kabla hajazaliwa. Ushahidi wa aina hiyo alikuwa ameupokea kwa midomo ya watu.

Kuna pingamizi zito. Mfululizo wake wa historia ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, picha 101, ulichorwa mwaka 1973 na 1974 na kununuliwa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Je, si kazi iliyofuata mkoba wa mgeni? Fedha ilitoka kwake, ndiyo. Lakini mpangilio ni wa Tshibumba: anaanza na mababu, anapita ukoloni na uhuru, anamalizia katika wakati ujao, mahali ambapo mwanahistoria wa chuo kikuu haendi. Isitoshe, alieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno yake yalirekodiwa.

Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba mwenyewe hajulikani alipo. Maneno yake ya Kiswahili, hata hivyo, yamenakiliwa na yanasomeka, na msomaji wa Nyamianda, hapa Uvira, hahitaji mkalimani ili kuyafuata. Atakwama kidogo kwenye Kifaransa kilichochanganywa na msamiati wa migodini. Kwa hiyo wanafunzi wetu wa historia wanaweza kuanza mara moja: kuweka maelezo yake ya Desemba 1941 kando ya taarifa za kampuni na za serikali ya koloni, na kuuliza kila upande umeacha nani nje.