Kabla ya Kuulaumu Ulanzi

Basi lilitoka Mafinga asubuhi, na kabla ya kufika Makambako baba mkubwa alikuwa ameshaomba mara mbili lisimame akachimbe dawa. Mara ya pili konda aliguna: "Mzee, huo ni ulanzi wa jana." Abiria wakacheka. Baba mkubwa naye akacheka, kisha akageukia dirishani. Nilikuwa nampeleka Mbeya kwa ajili ya kisukari. Alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke.

Kijijini jibu lilishapatikana: pombe. Ni kweli alikunywa, kama wanaume wengi wa Mufindi msimu wa ulanzi ukifika. Nami niliamini hivyo.

Mbeya daktari aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Choo chako kikoje, mzee?" Baba mkubwa alinitazama, nikatoka nje. Baadaye alinieleza mwenyewe: choo cha mafuta, kinaelea, hakiondoki kwa maji. Picha ilionyesha vijiwe ndani ya kongosho.

Choo kile kina historia ndefu. Katika miaka ya 1840, Claude Bernard wa Paris alionyesha kwamba majimaji ya kongosho ndiyo yanayomeng'enya mafuta. Mwaka 1902, jijini London, Bayliss na Starling waligundua sekretini, homoni inayotoka kwenye utumbo kuliamuru kongosho liyamwage. Kongosho zima hutoa kama lita moja na nusu kwa siku: maji yenye bikabonati ya kupoza asidi ya tumbo, pamoja na vimeng'enya vya chakula.

Kongosho likiugua kwa miaka, majimaji hayo hubadilika. Bikabonati hupungua. Protini huganda na kuziba mirija, chokaa hujishika juu yake, vijiwe vinazaliwa. Vimeng'enya navyo hupungua, lakini kimya kimya, kwa sababu mwili una akiba kubwa: mafuta huanza kuonekana chooni pale uwezo unaposhuka chini ya asilimia 10. Mwishowe chembe zinazotengeneza insulini nazo huharibika, na kisukari kinaingia. Kumbe kisukari tulichokifuata Mbeya kilikuwa sura ya mwisho ya kitabu.

Nani alaumiwe? Swali hilo nalo lina historia, na sehemu yake imeandikwa kwetu. Mwaka 1959 Zuidema alieleza wagonjwa wa Indonesia wenye utapiamlo na vijiwe vya kongosho. Mwaka 1960 A. G. Shaper, aliyekuwa Kampala, alihusisha ugonjwa huu na upungufu wa protini. Mwaka 1979 McMillan na Geevarghese waliunyooshea kidole muhogo: sianidi iliyomo ndani yake, walidhani, huharibu kongosho la maskini asiye na protini ya kutosha. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likatambua rasmi kisukari kitokanacho na utapiamlo.

Ndipo Watanzania wakaenda kupima. Mwaka 1992 Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha kijiji kinachoishi kwa muhogo na kingine ambako muhogo huliwa kwa nadra. Kisukari hakikuwa kingi zaidi kwa wala muhogo. Hawakupima majimaji ya kongosho, lakini walifanya jambo ambalo sisi nyumbani hatukulifanya: walimchunguza mshitakiwa kabla ya kumhukumu. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likakiondoa kisukari cha utapiamlo kwenye orodha yake.

Sisemi pombe haina hatia. Duniani ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, na daktari alimkataza baba mkubwa hata tone. Ninachosema ni kwamba tulipompata mkosaji tuliacha kuuliza maswali.

Sasa anakunywa vidonge vya vimeng'enya pamoja na chakula, tunapovipata na tunapovimudu. Ameongezeka kilo chache, na ule uzi ameutoa. Jioni moja, tukiwa jikoni tunaota moto, nilimuuliza choo kile kilianza lini.

"Miaka minne kabla ya sukari," alisema.

"Mbona hukusema, baba?"

Alisogeza kuni. "Ningesema, mngeniambia nini?"

Sikumjibu. Jibu sote wawili tulilijua.