Mazingira katika Mtihani wa Kidato cha Sita: Mifano Iliyo Jirani na Mtahiniwa wa Mafinga

Mtihani wa Taifa wa Kuhitimu Kidato cha Sita, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), kwa kawaida hufanyika mwezi Mei. Wanafunzi wengi hawakutani na karatasi yenye jina la Sayansi ya Mazingira. Mada za mazingira zimesambaa katika masomo mengine: ikolojia imo katika Baiolojia, nayo Jiografia imebeba udongo, maji, nishati, idadi ya watu na matumizi ya ardhi. Mwanafunzi anayesubiri kufundishwa mazingira kama somo la peke yake huchelewa kugundua kwamba amekuwa akifundishwa tangu Kidato cha Tano.

Kwa mtahiniwa wa Mafinga, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ugumu mara nyingi si kukosa mifano. Vitabu vingi vya kujisomea hueleza misitu ya Amazon na jangwa la Sahara, naye akayakariri hayo huku Shamba la Miti Sao Hill likiwa jirani na shule yake. Swali linalotaka mifano ya Tanzania hujibiwa vizuri zaidi na anayekitaja kitu kwa jina, mahali kilipo na namna kinavyofanya kazi.

Sao Hill yenyewe inahitaji uangalifu. Majaribio ya kupanda miti yalianza mwaka 1939, na leo shamba hilo, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), lina eneo la zaidi ya hekta 135,000, sehemu kubwa ya miti yake ikiwa mipaina na milingoti. Linatoa mbao, nguzo, malighafi ya karatasi na ajira. Hata hivyo, shamba la miti si msitu wa asili. Miti ya aina chache, yenye umri unaokaribiana, haiwezi kuhifadhi bioanuwai kama misitu ya asili ya Uzungwa iliyo upande wa mashariki wa wilaya, na hushambuliwa kwa urahisi zaidi na moto au wadudu. Mtahiniwa anayeviita vyote viwili msitu bila kuvitofautisha anakuwa ameacha nusu ya hoja.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa maji. Mto Ruaha Mdogo huanzia katika nyanda za Mufindi, hupita mjini Iringa na kuungana na Ruaha Mkuu, ambao maji yake huingia Mtera, kisha Kidatu, na hatimaye hufika Mto Rufiji. Mitambo ya Mtera ina uwezo wa megawati 80 na ya Kidatu megawati 204. Mabondeni, katika chemchemi zinazolisha mito hiyo, ndiko familia nyingi zinakolima vinyungu wakati wa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Kwa mwanafunzi ambaye madaftari na nauli yake vimetokana na mahindi mabichi ya kinyungu, suala hili haliishii darasani. Jibu lililokamilika halina budi kuipima haja ya kaya pamoja na haja ya mto, na kupendekeza njia inayotekelezeka, kwa mfano kuondoa milingoti mabondeni kabla ya kumwondoa mkulima wa mboga.

Mfano wa tatu ni Kihansi, mto ambao sehemu ya eneo lake la vyanzo imo Mufindi. Mwaka 1996, wakati wa ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180, watafiti waligundua katika korongo la mto huo chura mdogo asiyetaga mayai, bali huzaa. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, rasharasha za maporomoko zikapungua, na chura mia kadhaa wakapelekwa Marekani kutunzwa. Ugonjwa wa kuvu nao ulichangia kuangamia kwa waliobaki. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 alianza kurejeshwa korongoni, ambako rasharasha za bandia zilikuwa zimewekwa. Kisa hiki kimoja kinaweza kujibu maswali ya nishati, ya ikolojia na ya tathmini ya athari kwa mazingira, na ni ajabu kwamba hakitumiwi zaidi katika vyumba vya madarasa vilivyo karibu nacho hivyo.

Kuhusu ratiba, mwanafunzi anayeanza Kidato cha Tano mwezi Julai hupata viangazi viwili kabla ya mtihani. Hicho ndicho kipindi cha kwenda bondeni na daftari, kuona kina cha maji kilivyoshuka na mahali moto ulipopita. Mvua zikishaanza, mengi ya hayo hayaonekani tena.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwanafunzi anayekijua kinyungu tangu utotoni bado atatakiwa kukieleza kwa Kiingereza, lugha ya karatasi ya mtihani. Inafaa aandike maelezo ya kila mfano kwa lugha hiyo mapema, kwa sentensi zake mwenyewe, kisha ayasahihishe na mwalimu wake. Zipo pia taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazopatikana bila malipo katika tovuti ya Baraza hilo, ambazo huonesha swali kwa swali mahali watahiniwa wa miaka iliyopita walipokosea. Fomati za mitihani zinapatikana hapo hapo. Wanaorithi madaftari ya kaka na dada zao wayalinganishe kwanza na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania unaotumika sasa shuleni kwao, kwa kuwa mitaala iliyoboreshwa imekuwa ikiingia kwa awamu tangu mwaka 2024.