Nakamura na wenzake: nani kinara wa chesi mtandaoni?

Wadau, ukicheza chesi (sataranji) kwenye kompyuta lazima umeshakutana na jina la Hikaru Nakamura. Swali ni hili: inakuwaje huyu jamaa awe na watazamaji wengi kuliko wakali waliomzidi ubaoni? Tumuangalie yeye na wenzake.

Nakamura alizaliwa Japani mwaka 1987, akakulia Marekani. Alipata ugrandimasta mwaka 2003 akiwa na miaka 15, akavunja rekodi ya Marekani iliyokuwa ya Bobby Fischer. Ubingwa wa Marekani ameuchukua mara 5.

Mwaka 2020 korona ilifunga mashindano mengi. Yeye akakaa Twitch, anacheza laivu, mkono unakwenda haraka na mdomo haufungi. Akawafundisha hata watu wa gemu kama xQc. Agosti mwaka huo alifungwa na Magnus Carlsen kwenye fainali kubwa ya mtandaoni iliyokwenda mpaka siku ya 7. Mwezi huohuo timu ya gemu ya TSM ikamsajili. Yaani kufungwa kafungwa, lakini mkataba kapata!

Sasa wenzake:

- Magnus Carlsen (Norwe): bingwa wa dunia 2013 hadi 2023. Mwaka 2014 alifika pointi 2882, hakuna aliyewahi kuzifikia. Anajulikana hata na wasiojua farasi anatembeaje, ila hayuko laivu kila siku kama Nakamura.

- Fabiano Caruana (Marekani): mwaka 2018 alitoka sare na Carlsen michezo yote 12 mirefu kule London. Mtandaoni wafuasi wake ni wachache sana ukilinganisha na Nakamura.

- Ding Liren (Uchina): bingwa wa dunia mwaka 2023. Mtu mpole, mambo ya laivu siyo yake.

- Levy Rozman (GothamChess): huyu wala siyo grandimasta! Ana cheo cha chini yake, lakini YouTube ana wafuasi zaidi ya milioni 5, anamzidi hata Nakamura.

Umeona hapo? Pointi zinaonyesha nani anashinda. Wafuasi wanaonyesha nani anaeleweka. Mtu wa kawaida hawezi kujua kwa nini hatua ya Caruana ni kali mpaka atokee mtu amuelezee kwa lugha nyepesi.

Na je, umaarufu unaua kipaji? Nakamura alikaa zaidi ya miaka 2 bila kucheza michezo mirefu. Aliporudi mwaka 2022 akachukua Grand Prix ya shirikisho la dunia, FIDE, na mwaka 2023 akashika namba 2 duniani kwa pointi. Laivu haikumuua.

Kwa hiyo kijana mwenye kipaji asidhani kushinda peke yake kunatosha, na anayependwa tusimuite msanii tu.

Haya wadau, nyie mnamfuata nani, na kwa nini? Uwanja ni wenu hapo chini, ila matusi hapana.