Filamu zilizo kabatini na maoni ya wanaozimiliki

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, chini ya televisheni bado kuna droo au boksi la viatu lililojaa DVD. Baadhi zina kava lake la asili, nyingine zimeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Hazitazamwi tena kila siku. Lakini mgeni akitaja mojawapo, mjadala unaanza: sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili waliiharibu, stelingi hakupaswa kufa, kama hamniamini, muulizeni shemeji, yeye anayo. Katika makala hii tunaangazia maoni hayo ya watu wanaomiliki filamu na tamthilia wanazozizungumzia, yalikotoka na kwa nini yana uzito wake.

Tuanze na deki. Mfumo wa kanda za VHS uliingia sokoni nchini Japani mwaka 1976. Zanzibar ilikuwa tayari na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ila Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake vya kwanza vya televisheni. Maana yake ni kwamba kwa familia nyingi za Bara, televisheni ilinunuliwa pamoja na deki, na kilichotazamwa ni kanda ya mtu. Filamu ya kumiliki ilitangulia filamu ya kurushwa hewani. Kanda ilikuwa ghali, ikazunguka kwa majirani, na kabla ya kuiazima mtu aliuliza: inahusu nini, inafaa kutazamwa na watoto, mwisho wake ukoje? Aliyeimiliki alipaswa kuwa na majibu, kwa sababu ameshaiona mara kumi.

Kisha zikaja CD na DVD, na pamoja nazo filamu za Kitanzania tunazoziita Bongo Movie. Baada ya filamu kama Girlfriend ya mwaka 2003, uzalishaji uliongezeka kwa kasi, na sehemu kubwa ya kazi hizo hazikupita kwenye majumba ya sinema. Zilitoka kwa msambazaji, zikaenda dukani, zikaishia sebuleni. Magazeti yaliandika zaidi habari za maisha ya waigizaji kuliko kuzichambua filamu zenyewe. Hivyo aliyeamua kama hadithi imesimama ni yule aliyetoa fedha yake. Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, alipata umaarufu wake mkubwa kwa njia hiyo, katika sebule za watu.

Hapo ndipo wanunuzi walipojifunza kutoliamini kava. Sura tatu maarufu zingeweza kuwekwa mbele, na mmoja wao akaonekana ndani kwa dakika chache tu. Aidha, filamu nyingi ziliuzwa kwa sehemu mbili, kila moja kwa bei yake, hata pale ambapo hadithi ingetosha katika moja. Malalamiko ya "wamevuta" tuliyoyasikia miaka ile yalikuwa, kwa kweli, uhakiki: mtazamaji alijua ni tukio gani limerefushwa, tena aliweza kurudisha nyuma na kukuonyesha.

Kuna jambo moja linalochanganya mijadala hii, nalo ni toleo. Filamu za Hong Kong, India na Marekani ziliingia majumbani zikiwa na sauti ya msimulizi juu yake. Tanzania ilimfahamu sana Lufufu, Kenya inamfahamu DJ Afro, na Uganda wasimulizi wa aina hiyo huitwa VJ. Msimulizi hafasiri tu. Anaongeza utani, anawapa wahusika majina ya mtaani, wakati mwingine anaeleza jambo ambalo halimo kabisa kwenye picha. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya mhusika mmoja, kumbe mmoja aliona nakala ya asili na mwenzake alimsikia msimulizi. Tunashauri swali la kwanza liwe hilo: wewe unayo ipi?

Tamthilia ndefu zina shida yake. Jumong ya Korea Kusini ina vipande 81. Mwenye seti nzima anazungumza tofauti na mwenye diski tatu za katikati, na wote wawili wana haki ya kusema, mradi waseme wameishia wapi.

Suala la kudumu kwa diski halipaswi kupuuzwa. DVD ya kiwandani huhifadhi picha katika vishimo vidogo vilivyogandamizwa ndani ya plastiki. Ile iliyochomwa kwenye kompyuta hutegemea rangi maalumu ambayo jua na joto huiharibu mapema zaidi. Mikwaruzo ya juujuu wakati mwingine husafishika. Rangi ikishakufa, hakuna dawa ya meno itakayoirudisha. Kwa filamu za Kitanzania ambazo haziko tena madukani, nakala iliyo kabatini kwako inaweza kuwa miongoni mwa chache zilizobaki zikicheza. Stempu za kodi, zilizoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki nchini Tanzania mwaka 2013, husaidia kutambua nakala halali za miaka hiyo.

Kumwazima ndugu diski yako na kumweleza unavyoiona ni jambo la kawaida. Kuidurufu na kuiuza, au kuionyesha kibandani kwa kiingilio bila ruhusa, kunaingia katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Sasa wengi wanatazama kwa kulipia kwa mwezi. Netflix, iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta nchini Marekani, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Katika mfumo huu mpya filamu inaweza kuondolewa wakati wowote, na anayeisifu hana cha kumwazima mwenzake. Ndiyo maana tunawaomba wenye makabati wasikae kimya. Andikeni kwenye karatasi ndogo ndani ya kava: mwaka, waigizaji, nani alipenda nini, nani alikataa. Na kama diski inakwama dakika ya arobaini, liandikeni hilo pia, ili anayeazima asije kukesha akiisubiri.