Mahari Ililipwa, Lakini Seli za Mtoto Zilibaki kwa Mama

Huku kwetu Kisii na Nyamira, ukisikia wazee wakibishana mtoto ni wa nani, sikiliza vizuri: wanahesabu ng'ombe. Philip Mayer, msomi aliyetafiti Abagusii miaka ya 1940, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria yetu ya mahari mwaka 1950. Ng'ombe wa mume wakiwa bado wako kwa kina mke, watoto wote ni wake, hata wale wanaozaliwa yeye akiwa ameshazikwa. Mama akirudi kwao, mara nyingi anarudi peke yake.

Sijakuja kutukana wazee. Ile sheria ilimpa mtoto jina na shamba. Lakini watu wameitumia kumwambia mama kwamba yeye ni njia tu, mtoto amepita akaenda. Hapo ndipo mimi nakataa, na nakataa na ushahidi.

Mwaka 1893, daktari Mjerumani Georg Schmorl alikuwa anachunguza maiti za wanawake waliokufa kwa kifafa cha mimba. Ndani ya mapafu yao akakuta seli kubwa kubwa zisizo za mapafu. Zilikuwa zimetoka kwenye kondo la nyuma, zikasafiri na damu.

Halafu ng'ombe wakaingia, ndio, hao hao wa mahari. Ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, mfugaji mzoefu atakuambia usimtegemee yule jike, mara nyingi huwa tasa. Frank Lillie wa Chicago alieleza sababu mwaka 1916: wakiwa tumboni, mishipa yao huungana na damu ikachanganyika. Mwaka 1945, Ray Owen wa Wisconsin akapima damu ya mapacha kama hao wakiwa wakubwa, akakuta kila mmoja bado anatengeneza seli za damu za mwenzake. Yaani wageni wamehamia, wakazaana, na mwili haukuwafukuza! Peter Medawar alijenga juu ya hapo, na mwaka 1960 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet. Ukiona mtu leo anaishi na figo ya ndugu yake, jua ng'ombe wamechangia.

Kwa binadamu, kazi iliyonishika ni ya Diana Bianchi na wenzake kule Boston, mwaka 1996. Walitafuta seli za kiume kwenye damu ya wanawake waliowahi kubeba mimba ya mvulana. Mama mmoja alikuwa nazo miaka 27 baada ya kujifungua. Walitafuta za wavulana kwa sababu ni rahisi kuzitambua, si ati wasichana hawaachi zao. Na si lazima mimba ifike miezi tisa. Hata iliyotoka mapema inaweza kuacha seli.

Mama naye humwachia mtoto zake. Jirani zetu wa Muheza, kule Tanga, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017: watoto waliozaliwa na seli za mama kwenye damu waliambukizwa vimelea vya malaria zaidi, lakini waliugua kidogo kuliko wenzao. Soma tena hiyo, si kosa la kuandika.

Seli hizi si malaika, lakini. Zimeonekana kwenye kovu la upasuaji wa uzazi, kama zinasaidia kushona, na pia zimeshukiwa kwenye maradhi ambayo mwili unajishambulia wenyewe.

Bado nawafikiria kina mama wawili ambao kila kijiji huku kinao. Mmoja aliondoka boma la mume miaka ya zamani akaacha kijana nyuma. Mwingine mimba zilitoka, na kwenye matanga bado wanamtaja kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na mtoto. Wa pili ndiye ningependa asomewe hii, kwa Ekegusii, na mtu anayemheshimu.